Gitaa lisilowameza wenzake: Matembezi ya Luthuli na River Road

MSOMAJI, ukipata wageni kutoka mashambani wakakuomba uwatembeze jijini Nairobi, bila shaka utawapeleka kwenye mbuga ya wanyama, jumba la makumbusho, au utawasimamisha mbele ya jumba la KICC wapigwe picha. Ni wachache mno watakaowaza kuwapeleka Luthuli Avenue na River Road. Barabara hizi aghalabu hutajwa tu mtu anapotafuta gari la kwenda nyumbani, waya wa televisheni au redio ya bei nafuu. Hata hivyo, kwa mpenzi wa muziki, hapa ni mahali pazuri pa kujifunza jambo ambalo wengi hulikosa: namna ya kuitengeneza sauti ya gitaa ili ikae na vyombo vingine bila kuvimeza wala kumezwa navyo.

Usidhani kwamba jambo hili linawahusu wanamuziki wa kulipwa pekee. Siku hizi ni nyumba nyingi jijini zenye kijana anayecharaza gitaa kanisani, shuleni au chuoni. Mzazi hujinyima, akanunua chombo, akanunua na amplifaya. Miezi michache baadaye ugomvi huzuka. Mwimbaji analalamika kwamba hasikiki, mpiga kinanda ananuna, naye kijana anadai kwamba anaonewa. Mara nyingi hapana anayeonewa wala mwenye nia mbaya. Kinachokosekana ni maarifa, na maarifa hayo hayauzwi kwa bei ghali. Basi vaa viatu vyepesi, tutembee.

Barabara inayopiga kelele

Anzia Tom Mboya Street siku ya Jumamosi asubuhi, kabla umati haujawa mkubwa. Ingia Luthuli Avenue, barabara iliyopewa jina la Albert Luthuli, yule kiongozi wa Afrika Kusini aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 1960. Zamani kupita hapa kwa miguu kulikuwa kazi ngumu kutokana na msongamano wa magari na mikokoteni, lakini mnamo 2019 barabara ilitengenezwa upya na njia za waendao kwa miguu zikapanuliwa. Mfuko wako ushike mbele, kisha tembea polepole.

Kabla ya macho yako kuona lolote la maana, masikio yatakuwa yamekwisha kuona. Maduka ya vyombo vya umeme yamepangana, na mengi yameweka spika mlangoni ili kuwavuta wateja. Hapa wimbo wa injili, pale reggae, ng'ambo ya pili mtangazaji anasifu bei za runinga. Simama katikati kwa dakika moja, ujaribu kuufuata wimbo mmoja tu. Huwezi. Mwenye duka la kwanza akiona kwamba jirani amemfunika, anaongeza sauti. Jirani naye haongei, anaongeza yake. Mwishowe sauti zote ni kubwa na hapana hata moja inayoeleweka.

Hivyo ndivyo ilivyo bendi isiyojipanga. Kila mmoja wao anacho kitu kizuri cha kusema, lakini wote wanakisema mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo haidumu. Yamkini walikuwa hawajaiona amplifaya, lakini neno lao linaifaa.

Sasa ingia katika duka lolote la ala za muziki katika mitaa hii. Utakuta magitaa yametundikwa ukutani, na kuna uwezekano mkubwa wa kumkuta kijana ameketi kwenye kigoda akilijaribu moja. Mwangalie mikono yake. Atazungusha kitufe cha besi hadi mwisho, aongeze na sauti nyembamba, apunguze zile za kati, kisha afungulie mwangwi mpaka gitaa lisikike kana kwamba linapigwa ndani ya pango kubwa. Duka zima litanyamaza. Mteja aliyekuja kununua betri atageuka kutazama. Kwa kweli sauti hiyo ni tamu, na hapo ndipo mtego ulipo. Ni tamu kwa sababu gitaa liko peke yake, na limeitandaza miguu katika nyumba nzima. Likija kuwekwa pamoja na wenzake watano, nyumba hiyo itakuwa na wapangaji wengine.

Kila chombo na chumba chake

Ili uelewe kinachotokea, yakupasa kujua kwamba sauti ni mitetemo ya hewa. Sauti nene hutetema polepole, na sauti nyembamba hutetema kwa kasi. Sikio la kijana mwenye afya linaweza kusikia kuanzia mitetemo 20 hivi kwa sekunde hadi 20,000.

Uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida hutetema kiasi cha mara 82 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema nusu ya hapo, yaani mara 41 hivi. Ngoma kubwa ile inayopigwa kwa mguu nguvu yake iko huko huko chini, kati ya 50 na 100. Sauti ya mwanamume anapozungumza huanzia karibu na 100. Kwa hivyo mcharaza gitaa anayefungulia besi hadi mwisho, huku akizipiga nyuzi zake nene kwa nguvu, anaingia chumbani mwa watu watatu bila kubisha hodi. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda nao hupenda kukaa katika chumba hicho hicho. Hapo ndipo muziki unapokuwa tope. Mafundi wa sauti watakwambia kwamba tope hilo hujikusanya hasa kati ya mitetemo 200 na 400.

Huko juu nako kuna wenyewe. Herufi kama s, t, k na f, ambazo ndizo zinazotuwezesha kuelewa mwimbaji anasema nini, hutegemea sana sehemu ya mitetemo 2,000 hadi 4,000 na kupita. Sikio la binadamu limeumbwa likawa jepesi kuliko pote katika eneo la 3,000 hadi 4,000. Gitaa likijazwa makali mengi hapo, mwimbaji anageuka bubu: mdomo unacheza lakini maneno hayafiki. Juu zaidi kuna visahani vya shaba vya mpiga ngoma.

Chumba kinachobaki kwa gitaa ni kile cha katikati. Na sauti za katikati ndizo ambazo kijana wetu pale dukani amezipunguza! Ameacha nyumba yake mwenyewe, akaenda kugombania nyumba za watu.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Mnamo 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio haliwi na usikivu ule ule kwa sauti ndogo na sauti kubwa. Sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza hasa zile nene. Kwa hivyo mtu anayejipigia gitaa chumbani usiku, kwa sauti ya chini asiwaamshe majirani, ataongeza besi mpaka imtosheleze. Akienda nayo hivyo hivyo ukumbini na kuongeza sauti, besi hiyo inavimba kupita kiasi. Ndiyo sababu vitufe huwekwa upya ukumbini, kwa sauti ile ile itakayotumika, na si nyumbani.

River Road na waliotangulia

Endelea mbele hadi Luthuli inapokutana na River Road. Pumzika kidogo kwenye kioski, uagize chai na mandazi, huku nikikukumbusha mahali unapokanyaga. Katika miaka ya 1970 na 1980 eneo hili lilikuwa moyo wa biashara ya santuri. Wanamuziki walitoka Nyanza, Ukambani, Murang'a, Tanga na Zaire ya wakati huo wakaja hapa kutafuta wa kuwarekodi na wa kuwauzia. Nyimbo zilitolewa katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja ukigawanywa pande mbili. Wengi walizisikiliza kwenye redio za betri zenye spika ndogo kama kisahani cha chai, ambazo haziwezi kutoa besi ya maana. Gitaa lisilokuwa na sauti za kati za kutosha lisingesikika kamwe jikoni kwa mama wala katika matatu.

Chukua benga. Wataalamu wengi wa muziki huhusisha mtindo huu na nyatiti, chombo cha nyuzi nane cha Waluo. Umewahi kumtazama mpiga nyatiti? Mtu ni mmoja, lakini ni bendi kamili. Vidole vinadona nyuzi. Kidole gumba cha mguu kimevikwa pete ya chuma, na pete hiyo inagonga mti wa chombo kutoa mdundo. Mguuni kuna njuga zinazolia kwa sauti nyembamba. Juu ya hayo yote anaimba. Mdundo uko mahali pake, nyuzi pahali pake, njuga pahali pake, na maneno yanasikika yote. Hana amplifaya wala fundi mitambo.

Wapigaji wa benga walipolishika gitaa la umeme, hawakuisahau busara hiyo. Sikiliza santuri za Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, yule aliyezaliwa Shirati nchini Tanzania na kufariki mwaka wa 2006. Gitaa la solo liko juu, limekaza, linadonadona upesi kama kuku anayeokota mtama. Besi nayo haikai kimya. Inatembea na kuzungumza. Zinawezaje kuongea zote mbili bila kugombana? Kwa sababu solo haishuki kwa besi, na besi haipandi kwa solo. Mwimbaji anapoimba, gitaa linamjibu. Anapomaliza, ndipo linapoachiwa uwanja wote, na wachezaji wanajua kwamba wakati wa kuvunja mifupa umefika.

Bendi za Kizaire zilizofanya kazi Nairobi zilikuwa na magitaa mengi zaidi. Super Mazembe iliingia hapa mwaka wa 1974, na Les Mangelepa ikaundwa mwaka wa 1976. Katika mtindo wao unaweza kukuta magitaa matatu mbali na besi: rithimu, solo, na lile la katikati linaloitwa mi-solo. Magitaa matatu yakipigwa mahali pamoja ni fujo. Kwa hivyo rithimu linashika chini, mi-solo linazunguka katikati, na solo linapaa. Baadhi ya wapigaji hubana shingo ya gitaa kwa kibanio kidogo kiitwacho kapo, ili nyuzi zianzie juu. Wengine huondoa uzi mmoja mnene wakaweka mwembamba, gitaa likawa na sauti tofauti na la jirani hata likipiga noti zile zile.

Na kama wewe ni kijana usiyeamini maneno ya wazee, tafuta wimbo wa Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1978. Gitaa la rithimu la Omari Shabani halina mbwembwe. Ni jepesi, kavu, karibu halina mwangwi. Besi ya Tom Malanga inaacha nafasi, inanyamaza, kisha inarudi. Huwezi kusema kwamba chombo fulani kinasikika kwa nguvu, ilhali hakuna hata kimoja kinachopotea. Wimbo huo unapigwa hadi leo katika harusi na mabasi, na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka wanaujua neno kwa neno.

Mama, mwana na wati mia moja

Jumamosi moja nilipanda ngazi za jengo mojawapo la mtaa huu, hadi chumba kidogo ambamo mzee mmoja mcharaza gitaa wa zamani hutengeneza vyombo vilivyovunjika. Nilimkuta na wageni wawili, mama mmoja na mwanawe mwanafunzi wa chuo. Kijana alikuwa na gitaa mgongoni. Mama alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, na ilikuwa dhahiri kwamba ndani yake mlikuwa na pesa.

"Shikamoo mzee," kijana alianza. "Kwenye bendi hawanisikii. Nyumbani gitaa linalia vizuri sana, lakini nikifika kwa wenzangu ni kama sipo. Nikiongeza sauti, mwimbaji analalamika. Kiongozi amesema kama sitajirekebisha, kwenye harusi ya mwezi ujao watamchukua mtu mwingine."

"Ndiyo tumekuja kutafuta amplifaya kubwa zaidi," mama akaongeza. "Hii yake ni ya wati 50. Tumeambiwa tununue ya wati 100. Mzee wangu, wewe unaonaje?"

"Keti kwanza, mama," mzee akamjibu. "Hizo pesa zisitoke mkobani kabla hatujaujua ugonjwa."

Kisha akawaeleza jambo ambalo kila mzazi anafaa kulijua kabla ya kwenda Luthuli. Wati maradufu si sauti maradufu. Kutoka wati 50 hadi 100 huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haishangai. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, inahitajika nguvu mara 10 hivi. Kama gitaa limepotea likiwa na wati 50, litapotea na wati 100, ila litapotea kwa kelele zaidi.

Kijana alikuwa na wimbo wao uliorekodiwa kwa simu mazoezini. Mzee akaunganisha simu hiyo kwenye spika, akamwambia apige juu yake. Kweli, gitaa lilizama. Lilisikika vuma vuma huko chini na chwi chwi huko juu, lakini noti zenyewe hazikuonekana. Mzee akanyosha mkono. Besi akaipunguza hadi karibu robo. Sauti za kati akazipandisha kupita nusu. Zile nyembamba akazirudisha nyuma kidogo, na mwangwi akaubana hadi ukabaki harufu tu.

"Haya, piga peke yako."

Kijana alipiga, akakunja uso. "Mzee, sasa limekuwa baya. Linasikika kama mtu mwenye mafua."

"Vizuri. Sasa piga na wenzako."

Akawasha ule wimbo tena. Gitaa lilitokea katikati kama mtu aliyefunguliwa mlango. Na la ajabu ni kwamba mzee alikuwa amepunguza ukubwa wa sauti yake, hakuuongeza. Kisha akatoa kapo kutoka kwenye debe, akaibana kwenye freti ya tano, akamwonyesha jinsi ya kushika kodi zile zile kutokea hapo. Noti ya chini kabisa ya gitaa ikahama kutoka mitetemo 82 hadi 110, ikawa imempisha mpiga besi.

"Na nyuzi hizi nene mbili," mzee akasema, "wakati mwimbaji anaimba usiziguse. Si zako. Gitaa zuri, kijana wangu, si lile linalopendeza likiwa peke yake. Ni lile ambalo likinyamaza watu wanaulizana nini kimetoka."

Mama alikuwa kimya muda wote. "Sasa hata mimi nimemsikia," akasema. Walinunua kapo, wakamlipa mzee kwa muda wake, wakashuka ngazi. Pesa za amplifaya zilirudi nyumbani.

Ukumbini jioni

Jumapili ya wiki iliyofuata nilikwenda kuwasikiliza mazoezini, katika ukumbi mmoja wa Eastlands. Ikiwa nawe, msomaji, utapata nafasi ya kuitazama bendi ikijiandaa, usikae mbele. Spika za mbele zitakudanganya. Simama katikati ya ukumbi, mbali na ukuta, kwa maana kuta na pembe za chumba huzidisha besi.

Ukumbi ule ulikuwa na paa la mabati na sakafu ya saruji, kama kumbi nyingi tulizo nazo. Mahali kama hapo sauti nyembamba hurukaruka kama mpira. Watu wakijaa, miili na nguo zao hufyonza sauti hizo, na muziki hubadilika. Bendi yenye busara hukumbuka jambo hili, na mtu mmoja hutumwa katikati ya watu baada ya wimbo wa kwanza kusikiliza upya.

Kijana wetu alikuwa ameiinua amplifaya yake juu ya kreti ya soda na kuielekeza kichwani mwake. Hili ni dogo lakini ni kubwa. Spika hurusha sauti nyembamba mbele moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Amplifaya ikiwekwa sakafuni, makali yote huenda kwenye miguu ya mpigaji, na miguu haina masikio. Mwenyewe ataona kwamba sauti yake ni butu, ataongeza makali, na wanaoteseka ni walioketi safu ya mbele.

Walianza wimbo. Mwimbaji wao ni msichana mwenye sauti laini, ambaye kwa wiki nyingi amekuwa akiimba huku mishipa ya shingo imemsimama. Katika beti ya pili aligeuka nyuma kumtazama mcharaza gitaa, kana kwamba ana shaka kama yuko. Yuko, na anasikika, lakini amekaa pembeni kidogo. Wimbo ulipokwisha msichana akanywa maji, akasema, "Leo sikupiga kelele." Kiongozi wa bendi hakutoa hotuba. Alimpa kijana karatasi yenye orodha ya nyimbo za harusi, akamwambia ya nne waianze kwa gitaa.

Kuna sababu nyingine ya kutotaka vita vya kuongeza sauti. Wataalamu wa afya kazini wanashauri kwamba sikio lisikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila ikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua nusu. Ikifika desibeli 100, kiwango ambacho bendi chumbani hukifikia kwa urahisi, umebakiwa na dakika 15 tu. Masikio yakipiga kengele baada ya mazoezi, hilo ni onyo. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyonasa sauti vikifa havioti tena. Kijana wa miaka 20 anayeziharibu sauti zake nyembamba atajikuta anaongeza makali zaidi kila mwaka ili asikie alichokisikia zamani, na wenzake ndio watakaomkimbia.

Ukirudi nyumbani

Matembezi yetu yamekwisha, lakini somo unaweza kulimalizia sebuleni bila kutoa hata shilingi. Keti na watoto, weka wimbo mmoja wa zamani, mkausikilize mara tatu. Mara ya kwanza mfuate besi peke yake, mwanzo hadi mwisho. Mara ya pili mlifuate gitaa la rithimu. Mara ya tatu solo. Waulize watoto: ni nani ananyamaza mwimbaji anapoanza? Ni nani yuko juu, nani yuko chini? Utashangaa jinsi mtoto wa darasa la tano anavyoweza kukuonyesha kitu ambacho hukukisikia kwa miaka 20.

Na ikiwa yumo mcharaza gitaa nyumbani, mpe kazi hii kabla ya kumpa pesa. Apunguze besi hadi asikie kwamba gitaa limekonda. Apandishe sauti za kati. Aubane mwangwi. Ahame shingoni, apishe walio chini. Kisha apige na wenzake, si peke yake, na amtume mtu katikati ya ukumbi amwambie ukweli. Akikuta mwimbaji anasikika kila neno, na yeye mwenyewe anasikika bila kuongeza sauti, basi gitaa lake limepata nyumba.

Siku nyingine ukipita Luthuli, ukazikuta zile spika zikigombana milangoni, simama kidogo usikilize. Kisha ukate kona uingie River Road.